Mahali Tone Liangukapo

Pande la ukuta lilikuwa limelala kifudifudi katikati ya uchochoro, na Inspekta alikuwa amepiga goti mbele yake kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Aliomba nyundo. Koplo akampa. Akagonga pale matofali mawili yalipokutana, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu zote. Tofali moja likapasuka katikati. Kiungo cha simenti kilicholishika hakikuachia hata punje.

"Umeona?" akauliza.

"Nimeona tofali limevunjika, afande," Koplo akasema. Alikuwa mwanamke mrefu, mama wa watoto wakubwa, asiyeharakishwa na mtu. "Mhandisi atasema ndiyo hayo hayo aliyoyaandika."

"Mhandisi ameandika kwamba simenti ilikuwa haba. Simenti haba huachia kabla ya tofali. Hapa tofali limekubali kufa, simenti imekataa."

Akasimama, akapangusa magoti, akatoa futi yake ya chuma mfukoni. Kituo kizima kilimwita Inspekta Futi kwa sababu ya kifaa hicho. Wengine walisema hupima hata mkate kabla ya kuula. Yeye hakukasirika. Alijibu kwamba mkate haujawahi kumdanganya, lakini watu wamewahi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Ukuta ule ulitenganisha ua wa kiwanda kidogo cha mikate na ua wa duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye kiwanda, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mikate, ndiye aliyeujengesha, na aliyeujenga ni fundi mmoja mwashi anayejulikana sana sehemu zile. Ukuta ulikuwa umepita salama misimu miwili ya mvua. Jumatatu, katikati ya mvua ya asubuhi, uliangukia upande wa duka, kwenye uchochoro mwembamba ulio kati yake na ghala, ukamfunika mtunza stoo wa duka. Walimtoa akiwa hai, miguu yote miwili imevunjika. Mhandisi wa manispaa alifika, akatazama kiungo kimoja, akaandika kwamba fundi aliiba simenti. Fundi akakamatwa mchana ule ule.

Sasa ilikuwa Jumatano. Hati ya mashtaka ilikwisha kuchapwa, na kesho asubuhi fundi angesimama mbele ya hakimu. Akipatikana na hatia angefungwa, na akitoka hakuna ambaye angempa tena mwiko ashike. Mkuu wa kituo alimwambia Inspekta Futi kwamba leo ni siku yake ya mwisho ya kuzungukazunguka na futi. Baada ya hapo jalada linafungwa.

Mwenye duka alitokea mlangoni mwa ghala akitabasamu. Wafanyakazi wake walimwita Tajiri, naye akalizoea jina hilo hata akawa analitumia kwenye simu. Alikuwa mnene, ana penseli nyuma ya sikio, na mkononi alikuwa na msumari uliopinda aliokuwa akiunyoosha kwa koleo huku akizungumza.

"Karibuni wazee wa kazi. Mtaleta lini ruhusa ya kuzoa hiki kifusi? Kinanizibia njia."

Inspekta alimjibu kwamba kifusi kitazolewa polisi wakimaliza. Tangu Jumatatu jioni kilizungushiwa utepe na hakuna aliyeruhusiwa kugusa hata kokoto. Waliomwokoa mtunza stoo walichimbua upande wa mlangoni tu. Upande wa ndani, kuelekea mwisho wa uchochoro, mapande yalikuwa bado yamelala kama yalivyoanguka.

Kisha akaliangalia paa la ghala. Liliinamia upande wa ukuta, na mabati yake yalikuwa yale ya migongo mipana, mapya mapya bado. Akamwuliza Tajiri maji ya paa hilo huenda wapi.

"Pima mwenyewe, si una futi," Tajiri akasema. "Kati ya paa langu linapoishia na ukuta ulipokuwa, ng'ombe angepita bila kukwaruza ubavu. Na pale una mlizamu, unaona? Maji yanaingia humo yanakwenda barabarani. Sijamtupia jirani yangu hata tone."

Inspekta akapima. Maneno yalikuwa ya kweli. Kati ya ukingo wa paa na msingi wa ukuta palikuwa na pengo kubwa, na mlizamu mweupe wa plastiki ulining'inia chini ya ukingo ule, karatasi ya kiwandani bado imebandikwa ubavuni.

"Mpya," Inspekta akasema.

"Mimi nauza milizamu, mzee wangu. Ningeweka mkuukuu?"

Walipokuwa wakitoka, Koplo alisimama mlangoni mwa duka. Palikuwa na fungu la vipande vifupi vya bati vilivyoegemezwa ukutani, vimegongwagongwa kunyooshwa, na juu yake kibao kimeandikwa kwa chaki kwamba ni vipande, bei poa. Koplo aliuliza kama vingefaa kwa banda la kuku. Tajiri alisema vingefaa hata kwa banda la mfalme, na kwamba yeye tangu aanze biashara hajatupa kitu chochote, wala msumari wala kamba. Inspekta akamkumbusha Koplo kwamba wako kazini. Wakaondoka.

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mikono juu ya magoti. Ilikuwa mikono iliyopasukapasuka kwa simenti, kila mstari wa kiganja umejaa weupe. Inspekta hakumhurumia. Alimwambia waziwazi kwamba mpagazi mmoja wa duka amesema alimwona akibeba mifuko ya simenti kwenda kwake, wakati ukuta unajengwa.

Fundi hakukataa. Alisema alibeba mifuko miwili, iliyobaki kazi ilipokwisha, na kwamba Mama Mikate ndiye aliyempa kwa mkono wake akakandike choo chake. Inspekta akamtazama Koplo, na Koplo akatoka kupiga simu. Aliporudi uso wake ulikuwa umechangamka. Mama Mikate alithibitisha habari ya mifuko, kisha akaongeza kwamba kama polisi wanatafuta wezi wa simenti basi waje pia wamkamate yeye, kwa kuwa simenti ilikuwa yake, na kwamba mhandisi akija kununua mkate atauziwa wa juzi.

"Basi," Inspekta akasema, "hilo limekufa. Fundi, ukuta wako umeanguka kwa nini?"

"Sijui, afande. Lakini ukuta hauumwi kichwa. Ukiugua, huugua miguu." Akafikiri kidogo. "Ule niliuchimbia msingi mpaka nikafika udongo mgumu. Hapo katikati kuna kitu kimeula miguu. Mimi sikuwapo kukiona. Hao wenye uchochoro ndio walikuwapo."

Inspekta alipogeuka kutoka, fundi akamwita. Alikuwa na ombi moja. Siku ile ya kukamatwa, mkoba wake wa kazi ulichukuliwa kuwa kielelezo, na ndani yake mlikuwa na timazi la shaba, lile la kuning'iniza kwa uzi kupimia unyoofu wa ukuta.

"Lilikuwa la baba yangu. Nanyi mnajua stoo yenu. Lisije likachanganywa na vyuma vya wezi."

Inspekta akaahidi kulitazama kwa macho yake.

Hospitalini walimkuta mtunza stoo miguu imetundikwa hewani, na mkewe amekaa kando ya kitanda akimenya chungwa. Mtu yule alikuwa na mdomo mzito. Alisema Tajiri analipia matibabu yote, Mungu ambariki. Alisema hakuona kitu, alisikia tu kishindo. Kila swali alilijibu kwa neno moja na kugeukia dirisha.

Inspekta hakumbana. Alimwuliza habari ya maumivu, akamwuliza habari ya watoto, kisha kama mtu anayepitisha muda tu akauliza asubuhi ile alikuwa akifanya nini hasa uchochoroni.

"Nilikuwa nahamisha mifuko ya simenti," mtunza stoo akasema. "Ile ya chini ilikuwa imeanza kuloa."

Kisu cha mkewe kilisimama kwenye ganda la chungwa. Mtunza stoo akamtazama mkewe, kisha akafumba macho na kusema miguu inamuuma sana, aitiwe muuguzi.

Kwenye korido Koplo alitembea hatua chache, halafu akasimama.

"Simenti, afande? Nje? Kwenye uchochoro usio na paa, msimu wa mvua?"

"Mtu anayenyoosha misumari iliyopinda," Inspekta akasema, "hawezi kuacha simenti yake inyeshewe."

"Kwa hiyo palikuwa na paa."

"Palikuwa na paa. Alilirefusha mpaka likakaribia kuugusa ukuta, ili apate stoo ya bure. Ukuta ni mrefu kuliko ghala, kwa hiyo upande wa mikate hakuna aliyeliona. Wapagazi waliliona, lakini ndio wanaokula kwake. Ukuta ulipoanguka akalikata, akatundika mlizamu mpya." Alifungua futi, akaiachia ijifunge yenyewe kwa mlio. "Sasa nenda mbele ya hakimu ukamwambie kwamba tumelijua hilo kwa sababu ya mfuko ulioloa. Mgonjwa atasema aliweweseka. Tajiri atasema mifuko ilikuwa inapitishwa tu. Akili tunayo, Koplo. Ushahidi hatuna."

Dada yake Inspekta alikuwa akifundisha sheria ya ardhi katika chuo kimoja mjini humo. Ndiye aliyemlipia ada ya masomo ya jioni zamani zile alipokuwa bado konstebo, na tangu hapo alijipa haki ya kumsahihisha mbele ya mtu yeyote. Inspekta alikwenda kumwuliza kama kuna sheria yoyote inayomlazimisha mtu kusema paa lake lilifika wapi. Alimkuta darasani. Mlango ulikuwa wazi, kwa hiyo akaingia na kukaa benchi la nyuma.

Ubaoni palikuwa na neno moja la Kiingereza kwa herufi kubwa: STILLICIDE.

Dada alikuwa akiwauliza wanafunzi maana yake, na kuwakataza kugusa simu zao. Kijana mmoja aliyevaa tai alisimama akajibu kwa kujiamini. Alisema ni aina ya mauaji. "Homicide" ni kuua mtu, "suicide" ni kujiua, basi na hili lazima kuna mtu ameuawa, ila hajajua ni nani. Darasa likacheka. Dada akainua kidole kuelekea nyuma.

"Yule pale ni polisi. Bahati nzuri amekuja. Afande, wewe ndiye mtu wa mauaji. Hapa ameuawa nani?"

Inspekta akasimama kama mwanafunzi.

"Sijaona maiti, Dada. Bila maiti siwezi kufungua jalada."

"Mdogo wangu ametoa jibu bora kuliko lenu," Dada akawaambia. "Hakuna maiti. Kaeni niwaeleze."

Akachukua chaki. Aliwaambia kwamba neno hilo limetoka Kilatini, na kwamba Waingereza wenyewe wengi hawalijui. Warumi walikuwa na vitenzi viwili vinavyofanana kama pacha. Kimoja, "caedere", maana yake kukata na kuua, na hicho ndicho kilichozaa yale maneno ya mauaji. Cha pili, "cadere", maana yake kuanguka tu. Kwa sura ni ndugu, akasema, kwa damu hawajuani. Neno la ubaoni limetoka kwa huyu wa pili. Na sehemu yake ya mbele, "stilla", ni tone. Ukiunganisha unapata kuanguka kwa tone: maji yanayodondoka kutoka upenuni mwa nyumba. Kwa Warumi hilo lilikuwa jambo la mahakamani. Mtu hakuruhusiwa kudondoshea kiwanja cha jirani maji ya paa lake mpaka awe na haki hiyo.

"Na huyo 'cadere' msimdharau," akaendelea. "Ana watoto wengi. Waingereza wakisema 'accident', ajali, wanamtaja yeye, maana ajali ni kitu kilichokuangukia. Wakisema 'case' wanamtaja yeye vilevile. Nasi tukalichukua neno hilo kutoka kwao, tukaliita kesi. Kwa hiyo kila mnaposema mna kesi, mnasema kuna kitu kimeanguka, mjue msijue."

Kijana wa tai hakuridhika. Alitaka kujua kwa nini Warumi walihangaika na matone, wakati paa lipo na linaweza kupimwa.

"Kwa sababu paa lina mwenyewe," Dada akasema. "Mwenye paa analirefusha akitaka, analifupisha akitaka, na ukija kupima anakuonyesha anachotaka ukione. Wale watu hawakulipa jambo hili jina la paa. Walilipa jina la tone na mahali linapoanguka. Tone halina mjomba, halina rafiki. Linaanguka pale pale kila siku."

Benchi la nyuma likalia. Inspekta alikuwa amesimama na kofia kichwani.

"Unakwenda wapi? Hujaniuliza ulichojia."

"Umekwisha kunijibu, Dada."

"Basi unifutie ubao unapopita."

Akaufuta haraka haraka, wanafunzi wakimpigia makofi. Lile neno la Kiingereza aliliacha.

Jua lilikuwa bado juu ya mapaa aliporejea uchochoroni. Safari hii hakuja na Koplo peke yake. Fundi alikuwa pamoja nao, pingu mikononi, na Mama Mikate alisimama kwenye pengo lililoachwa na ukuta, aproni yake imejaa unga, ameombwa kuwa shahidi na amekubali kabla sentensi haijaisha. Tajiri alitoka ghalani na koleo lake.

Inspekta alisema sasa kifusi kinaweza kuondolewa, kwa masharti. Wapagazi wa Tajiri wataanzia upande wa ndani, ambako hakujaguswa. Watainua mapande moja moja kwenda juu, bila kuburuta.

Tajiri alifurahi. Aliwahimiza watu wake mwenyewe.

Pande la kwanza liliinuliwa, kisha la pili. Inspekta hakuangalia kilichoinuliwa. Alipiga magoti akapuliza vumbi la matofali kutoka ardhini, kama mtu anayepuliza jivu. Ardhi ya pale ilikuwa changarawe iliyoshindiliwa, ngumu kama sakafu. Na juu yake, shubiri moja kutoka kwenye msingi wa ukuta, palikuwa na vishimo. Vilikuwa vidogo, vya mviringo, vimepangwa katika mstari mmoja ulionyooka kama mshono wa cherehani. Ndani ya kila kishimo mlikuwa na vijiwe vichache safi, vilivyooshwa udongo wote.

"Koplo, ingiza mkono hapo chini ya msingi."

Koplo akalala ubavu, akaingiza mkono kati ya mstari ule na ukuta. Ulizama hadi kwenye kiwiko.

"Patupu, afande. Udongo umekwenda wote. Msingi ulikuwa unaning'inia."

Fundi alifumba macho, kisha akayafumbua.

Tajiri aliinama, akaangalia, akacheka kidogo. "Wazee, mvua inanyesha tangu Jumatatu. Hayo si matone ya mvua hiyo?"

"Vishimo hivi vilikuwa chini ya ukuta ulioanguka," Inspekta akasema. "Mvua iliyonyesha baada ya hapo imepita wapi kufika chini yake?"

"Basi ni ya kabla."

"Mvua inayotoka mbinguni hunyesha kila mahali, Tajiri. Hii imenyesha kwenye mstari."

Akafungua futi. Aliipima nafasi kati ya kishimo na kishimo, akasoma kwa sauti, na Koplo akarudia. Akapanda ngazi, akaipima nafasi kati ya bonde na bonde la bati kwenye paa la ghala, pale ambapo maji hukusanyika na kudondoka. Akasoma kwa sauti. Kilikuwa kipimo kile kile. Akamwomba Mama Mikate aonyeshe paa lake. Lilikuwa la mabati ya migongo midogo, mabonde yamesongamana kama meno ya kitana. Lisingeweza kutoboa ardhi namna ile hata lingedondosha miaka mia.

"Mabati haya nimeuzia nusu ya mji," Tajiri akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Najua. Koplo, nenda ukanunue vile vipande vyako."

Koplo alirudi akivikumbatia vyote. "Nimeviomba kwa mkopo," akasema. "Bei ni poa kweli."

Walivitandaza chini, upande wa nje ukiangalia juu. Vilikuwa vimegongwa kwa nyundo ili vinyooke, lakini penye mikunjo palikuwa na madoa ya simenti na wekundu wa tofali, mahali ukuta ulipovipiga ulipokuwa ukianguka. Inspekta hakukaa sana kwenye hilo. Alivitazama kingo. Aliyekata alitumia mkasi wa bati na alikuwa na haraka. Mkato ulikwenda kombo, ukapanda, ukashuka, ukaacha jino hapa na pale. Alichukua kipande kimoja baada ya kingine, akapanda ngazi, akakijaribu kwenye ukingo wa paa. Vya kwanza vilikataa. Kipande kilichofuata kililala mahali pake, jino ndani ya pengo, bila mwanga kupita katikati.

"Kishikilieni hapo," akawaambia wapagazi wawili, nao wakakishikilia, mmoja huku, mmoja kule. Kisha akatoa mfukoni kifurushi cha kitambaa, akakifungua. Ndani mlikuwa na timazi la shaba na uzi wake. "Fundi, mimi mikono yangu inatetemeka kwenye ngazi. Hii ni kazi yako."

Fundi akapanda, ngazi ikishikiliwa na Koplo. Mikono yenye pingu ikaushika uzi, ikauweka kwenye bonde la kwanza la bati, pale ambapo tone la mwisho lingeachia. Timazi likashuka taratibu. Likayumba, likazunguka, likapunguza, likatulia.

Ncha yake ilikuwa ndani ya kishimo.

Fundi akahamisha uzi bonde la pili. Timazi likashuka kwenye kishimo cha pili. Bonde la tatu, kishimo cha tatu. Alikwenda hivyo mpaka mwisho wa kipande, bila haraka, kama mtu anayehesabu watoto wake na kuwakuta wote wapo.

Mmoja wa wapagazi walioshikilia bati, mzee kidogo, ndiye aliyezungumza kwanza.

"Ndipo lilipokuwa," akasema. "Msimu wa mvua uliopita lilikuwapo, na huu pia. Tulikata siku ile ile, mwenzetu akiwa njiani kupelekwa hospitali, kabla utepe haujafika. Nilisema hatutaficha, nikaambiwa kazi ni nyingi mjini, nikatafute nyingine."

Tajiri aliutazama msumari uliokuwa mkononi mwake. Ulikuwa umenyooka zamani. Alianza kusema kwamba mambo haya ni ya majirani, kwamba yeye na Mama Mikate wangeweza kukaa wakazungumza, kwamba hakukusudia mtu yeyote aumie, ilikuwa ni ajali.

"Jumatatu ilikuwa ajali," Inspekta akasema. "Ungesema Jumatatu, leo tungekuwa tunazungumza habari ya mitaro. Lakini umekata paa, umedanganya polisi, na umemwacha mtu alale mahabusu siku mbili kwa kosa lako. Leo ni kesi."

Alimfungua fundi pingu, akazipima kidogo mkononi kama anayetafuta ukubwa, na kuzifunga kwenye mikono minene zaidi. Zilitosha. Penseli ya Tajiri ikaanguka kutoka nyuma ya sikio. Mpagazi mzee akaiokota, akatafuta pa kuiweka, mwishowe akaiweka nyuma ya sikio lake mwenyewe.

Inspekta akampigia simu mkuu wa kituo. Mazungumzo hayakuwa marefu. Mkuu aliuliza mara mbili kama ana hakika, akajibiwa mara mbili. Akauliza ataandika nini penye chanzo cha tukio, maana mhandisi alikwisha kuandika simenti. Inspekta alisema aandike tone. Mkuu akasema mashtaka ya fundi yanafutwa jioni hii hii, na kwamba hilo la tone ataelezwa uso kwa uso. Inspekta alimjibu kwamba chanzo kina mwalimu wake chuoni, na kwamba atamtuma mwalimu huyo aende kwake moja kwa moja.

Fundi alikuwa bado ameshika timazi. Inspekta alimwambia kwamba limebaki kuwa kielelezo, ila sasa ni kielelezo cha upande wake, na likishatoka mahakamani litarudishwa kwake likiwa limefungwa kwenye kitambaa kile kile. Fundi akaitikia kwa kichwa. Akaomba dakika moja tu.

Alikwenda kwenye kipande cha ukuta kilichobaki kimesimama mwisho wa uchochoro, ambako paa halikuwahi kufika. Akauweka uzi juu, akaliachia timazi. Wote wakasogea kutazama: wapagazi, Koplo, Mama Mikate na unga wake, hata Tajiri na pingu zake. Uzi ulishuka sambamba na matofali kutoka juu hadi chini, bila kuachia nafasi ya ukucha.

Mama Mikate akajipangusa mikono kwenye aproni.

"Sasa hili pengo langu unaliziba lini, Fundi?"

"Kesho asubuhi," fundi akasema, akiuviringisha uzi kwenye timazi la baba yake. "Nilikuwa na safari ya mahakamani, lakini imevunjika."